Neno Uliloniuliza Nikasema Silijui

Zuwena mwanangu,

Barua hii utaikuta katika mfuko wa ndani wa abaya yako mpya, ule mfuko ulioniambia nisihangaike kuutia. Nimeutia. Ulikuwa na kazi yake.

Ninakuandikia alasiri, nimekaa kwenye kiti changu mbele ya cherehani. Wewe na mama yako mmekwenda kutafuta sanduku, maana lile la zamani zipu yake imekufa, na ninavyowajua hamtarudi kabla ya magharibi. Kesho asubuhi utapanda basi la Riyadh. Mambo ya ikama, kile kibali cha kukaa, na ya kafili mpya atakayekudhamini, ya kula na kulala, mama yako amekwambia yote, na kesho atayarudia mlangoni. Mimi nina jambo moja tu, na kwa mdomo najua nisingefika mwisho wake.

Wiki iliyopita, ulipotuambia kwamba kazi uliyoipata huko kwa wachapishaji ni kuvifasiri vitabu vya yule Mrusi, mama yako aliliondoa sinia na sisi hatujashiba. Tukabaki mimi na wewe na chupa ya maji katikati. Ukaniuliza, "Baba, huna neno?"

Nikasema, "Sina."

"Nataka nijue Kaka alisikia nini kwa mtu yule. Siwezi kukaa maisha yangu yote sijui."

Nikasema, "Haya."

Halafu juzi ulikuwa umekaa hapa sakafuni na zile karatasi walizokutumia za kukujaribu. Ukaniuliza tena, bila kuinua macho. "Baba, hili neno lake linanisumbua. Kwa Kiarabu nimeandika mizizi, lakini si mizizi hasa. Ni mahali ambapo watu ni watu kwa sababu wapo hapo. Sisi kwa Kiswahili tungesemaje?"

Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano. Nikakwambia, "Silijui mimi."

Nililijua, Zuwena. Ndilo lililonifanya nikuandikie.

Jina la mtu yule sitaliandika. Mama yako hataki liingie nyumbani hata kwa karatasi, na unajua anavyomwita: yule babu wa kwenye simu. Wewe utaliandika sana huko uendako, basi inatosha.

Nianze mbali kidogo. Babu yako alifika hapa Jidda mwaka wa sitini na nne, na mimi nimefungwa mgongoni kwa bibi yako, sijatimiza mwaka. Sikumbuki hata jiwe moja la Unguja. Lakini nyumba niliyolelewa ilijaa neno moja: kwetu. Kwetu maembe si kama haya. Kwetu mtu hapiti asiamkie. Kwetu mvua ikinyesha unaisikia kwanza kwa jirani. Nikalirithi kama nilivyorithi mkasi wa babu yako, na nyinyi mlipozaliwa nikawapa bila kufikiri. Wewe ulikuwa na miaka minne uliponiuliza, "Baba, huko kwetu choo kiko ndani?" Tulicheka siku nzima. Nasri hakucheka. Alikuwa anasubiri jibu.

Kaka yako alikuwa hivyo tangu mdogo. Alipokuwa hajaanza shule nilimfungia sumaku kwenye uzi, akawa anavua pini zilizoanguka chini ya cherehani. Akinasa moja anasema, "Kibua." Akinasa nyingi pamoja anasema, "Dagaa." Samaki hao alikuwa hajawaona, aliwasikia kwa bibi yake. Alikuwa hamalizi mpaka ahakikishe hakuna iliyobaki. Kitu kikimkaa moyoni, alikuwa haondoki nacho nusu.

Alipotimiza miaka kumi na minne nilimpeleka Unguja. Wewe ulibaki na mama yako, ulikuwa na tetekuwanga. Wiki mbili nzima alikuwa anatembea na shingo juu. Mtaani kwetu hapa Ghulail watoto wakigombana naye walikuwa wakimwambia arudi kwao, na sasa amerudi. Siku moja Darajani, muuza ndimu akatuuliza, "Wageni mmetoka wapi?" Nasri akawahi kabla yangu. "Sisi wa hapa." Yule bwana akacheka, kwa wema wala si kwa ubaya, akamwita mwenzake: "Njoo umsikie huyu. Wa hapa, na anasema kama marehemu bibi yangu!" Wakacheka wote pale. Na mimi nikacheka nao. Niliona ndiyo adabu.

Kwenye ndege ya kurudi akaniuliza, polepole, ili jirani asisikie, "Baba, basi sisi kwetu wapi?"

Nikamwambia, "Lala, safari ndefu."

Akageukia dirisha. Hakulala. Nilikuwa nayaona macho yake kwenye kioo, na yeye aliyaona yangu. Hakuniuliza tena mpaka alipokufa.

Alipopata kazi Riyadh, katika lile duka la udi na manukato kule Dirah, mimi nilifurahi. Niliujua mji ule, kabla sijafungua duka hili nilishona sare huko kiwandani miaka sita. Nilidhani atachoka na kazi, atachumbia, atarudi. Kumbe mchana wa joto wateja hawapo, na kijana ana simu. Ndipo alipokutana na mtu yule, hotuba zake zimewekewa maandishi ya Kiarabu chini. Mwanafalsafa, ndevu ndefu, sauti ya pole kama ya mwalimu anayekupenda. Hutajua kaka yako alisikiliza masaa mangapi. Wala mimi sijui.

Sasa nakupeleka kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Idi, siku ya tatu, Nasri amekuja likizo. Wewe ulikuwa ndani na mama yako. Hapa dukani tulikuwa mimi, Nasri, na jirani yetu Mzee Khelef, ambaye hana shughuli naye huja kukalia lile benchi na kuharibu kazi kwa maneno. Nasri alikuwa na simu mkononi, anatusomea na kutufasiria.

"Anasema dunia si moja. Wanaotaka watu wote wawe sawasawa wanawaibia watu nafsi zao. Kila watu wana..." Akakwama hapo. Akalitafuta neno, akatazama dari, kisha uso ukamfunguka. "Kila watu wana kwao. Hilo ndilo neno lake. Kwao."

Mzee Khelef akasema, "Hebu nione picha. Huyu Mrusi? Mbona ana ndevu za Kimanga?"

"Mzee, sikiliza maneno, wacha ndevu."

"Nasikiliza. Kila watu wana kwao. Sie je, katupanga wapi huyo bwana?"

"Anasema wako watu wa nchi kavu na watu wa bahari. Wa nchi kavu wana imani, wana heshima ya wazee. Wa bahari ni wafanyabiashara, hawana pa kushika, kila kitu kwao kinauzwa."

"Basi sie wa bahari, tumekwisha," akasema Mzee Khelef. "Na mie hata maji ya birika nayaogopa."

Nasri hakucheka. "Si lazima, Mzee. Mtu anachagua kwa roho yake."

Mimi nilikuwa nakata kanzu. Nikauweka mkasi chini, nikasema, "Huyo mtu kasema kweli. Kila watu wana kwao. Ndiyo niliyokwambieni siku zote."

Ndiyo hayo, Zuwena. Hayakuzidi hapo. Nilisema kwa kupita, kama mtu anavyosema chai nzuri. Lakini wewe hukuuona uso wa kaka yako. Tangu kwenye ndege alikuwa ananingoja, miaka kumi, na siku ile alidhani nimemjibu. Akanisogelea, akaanza kuniokotea pini chini kwa vidole, na mwanamume mzima amekwisha kuwa.

Baadaye mwaka ule alituambia amealikwa Moscow, mafunzo ya vijana kutoka nchi mbalimbali. Mama yako alilia, mimi nikamshonea koti. Fundi wa Jidda anajua nini kuhusu baridi? Nilitafuta sufu nzito inayoshonewa majoho ya wazee, nikatia bitana mara mbili. Nilimpima hapo ulipokuwa umekaa juzi. Urefu wa mkono, sentimita sitini na tatu. Umo kwenye daftari langu la vipimo. Akaniambia, "Baba, litaniua kwa uzito." Nikamwambia, "Utanishukuru huko." Alinishukuru kweli, kwa ujumbe wa sauti, unaukumbuka, wewe ndiye uliyetuwekea tukausikiliza: "Baba, koti ni zuri. Huku hakuna anayeniuliza kwetu wapi."

Mama yako alisema alhamdulillah. Mimi nilihisi baridi na feni haijawashwa.

Miezi saba baadaye akatuandikia kwamba ametia saini, anakwenda kwenye vita. Hakulazimishwa, alitaka tulijue hilo. Halafu ikaja ile picha. Nyinyi mliangalia uso, mkasema amekonda. Mimi niliangalia mikono ya sare. Ilikuwa imepita viganja, imefunika vidole mpaka nusu. Hakuna aliyempima. Mimi kazi ile naijua, ndiyo niliyoifanya Riyadh. Tulikuwa tunalaza kitambaa tabaka arobaini, juu yake kigezo kimoja cha karatasi, na mashine inapita mara moja. Mikono arobaini inatoka, na hakuna hata mmoja uliokatwa kwa ajili ya mtu.

Simu ya yule mtu aliyetupa habari unaikumbuka, sina haja ya kuirudia. Siku ya kumsalia, mwili ukiwa haupo, imamu aliniuliza kafia wapi. Nilikuwa nimeliandika jina la kijiji kwenye karatasi na sikuweza kulitamka. Nikampa karatasi, naye hakuweza. Tukasali hivyo hivyo.

Sasa lile nililowaficha. Mwezi mmoja baada ya hapo nilikwenda Riyadh, nikawaambia nakwenda kuchukua nguo zake. Chumbani kwake nilimkuta aliyekuwa akiishi naye, dereva Mkenya, Wafula, kijana mwenye heshima. Amefunga vitu vyote vya Nasri kwenye shuka safi, amevikunja vizuri kuliko ambavyo Nasri angevikunja. Akanipa chai.

"Pole sana, mzee," akasema. "Huyu kijana wako alikuwa mtu poa. Lakini alikuwa anasikiza hiyo maneno mpaka anasahau kula. Mimi nilimwambia, Nasri, huyu mzee wako wa kwa simu, ukipotea leo atakutafuta?"

"Akasemaje?"

"Alinicheka tu. Akaniambia, hata babangu amekubali."

Nilidhani sikusikia vizuri. Wafula akaona nimebadilika, akajuta, akaanza kunitafutia sukari ingawa chai ilikuwa na sukari. Mwishoni akasema, "Yalla mzee, wacha nikupeleke kwa basi," akanibebea lile shuka mpaka kituoni.

Ndani ya shuka lile lilikuwamo daftari. Nililifungua kwenye basi. Maneno ya mtu yule, kwa Kiarabu, kwa mwandiko mzuri wa kaka yako, kurasa kwa kurasa. Na kwenye ukurasa mmoja ameandika kwa Kiswahili, kwa wino mwekundu, "Kila watu wana kwao." Chini yake, kwa herufi ndogo: "Baba amesema ni kweli."

Zaidi ya maneno ya mtu yule, hakuandika neno la mtu mwingine yeyote. Si lako, si la mama yako. Langu tu.

Daftari hilo limekaa miaka mitatu katika droo ya chini ya cherehani, chini ya mabaki ya bitana. Wewe ulikuwa unajifunza Kirusi kwenye meza ya jikoni, miaka mitatu, kwa simu na kwa vitabu vya kuazima, unatafuta kaka yako alisikia nini. Mimi nakuletea chai. Nakuona. Na jibu liko hapa, hatua kumi kutoka ulipokaa.

Baada ya safari ile nilianza kumsikiliza mtu yule mimi mwenyewe, hapa dukani, sauti ndogo. Kusoma kwangu unakujua, niliishia darasa la sita, mambo mengine yalinipita. Nilitaka nimchukie, na siku ya kwanza nilishindwa. Anasema wenye nguvu wanataka dunia yote ivae nguo moja. Ni kweli. Anasema mtu aliyesahau wazee wake amepotea. Nilijikuta naitikia kwa kichwa, na mwanangu amekufa.

Kwa hiyo sitakwambia kwamba ni mwongo. Nikikwambia hivyo utakwenda ukijiandaa kwa uongo, na ukurasa wa kwanza utakutana na kweli, nawe hutakuwa na pa kuiweka. Mimi ilinikuta na mkasi mkononi, nikauweka chini. Siku hizi nayasikia maneno yake kwa vijana wanaokuja kupimwa kanzu, wa kila taifa, na wengi hawajui yametoka kwa nani. Wanayasema kwa macho ya Nasri. Wote wameulizwa mahali fulani, kwenu wapi, na nyumbani hakuna aliyewajibu.

Nilichokuwa nangoja katika hotuba zake ni kitu kidogo. Nilingoja amtaje mtu mmoja. Miezi nimengoja. Watu hawa, watu wale, roho ya taifa hili, hatima ya taifa lile. Hakusema hata siku moja kwamba fulani mwana wa fulani alikuwa hapendi hiliki kwenye chai, anazitoa moja moja kwa kijiko na kuzipanga kwenye sahani. Labda falsafa si mahali pake. Wewe umesoma, utajua. Lakini nilipoacha kumsikiliza, hicho ndicho kilichonitoa.

Ukivifasiri vitabu vile, vifasiri sawasawa. Usimharibie maneno yake kwa hasira yako, watu watajua, na watamwamini zaidi. Kama utashindwa, acha kazi urudi, hatutakuuliza. Ninachokiogopa si kwamba utamwamini. Naogopa utatafuta ndani ya kurasa zile mtu wa kumlaumu, ukose pa kuishia, uzeeke unatafuta. Mtu wa kumlaumu umemwacha Jidda. Si yeye peke yake, nakubali, lakini yumo, na jina lake liko kwa wino mwekundu.

Daftari la Nasri nitalitia katika sanduku lako mkirudi nalo, chini kabisa. Mama yako hajui. Utakapoamua ni wakati wa kumwambia, tutamwambia pamoja, usinitangulie. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Ukitaka usinipigie simu mwezi mzima, usipige, nitamuuliza mama yako habari zako. Lakini Idi uje.

Neno uliloniuliza juzi ni kwao. Kaka yako alilipata kabla yako, akiwa amesimama hapo karibu na mlango, na lilipomjia alikuwa na raha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Liweke mahali fulani pembeni ya karatasi zako, hata kama Waarabu hawatalisoma.

Na lile la kwenye ndege, ambalo wewe hujawahi kuniuliza, na kutouliza kwako ndiko kunakonitia hofu kuliko yote. Kwetu wapi? Sijui, mwanangu. Unguja walitucheka. Hapa nimekaa maisha yangu yote na kila mwaka karatasi inaniuliza kama nitaendelea kukaa, na majengo ya mtaa wa nyuma yamekwisha kuvunjwa, letu sijui lini. Sijui. Ningemwambia Nasri hivyo tu, nikamshika mkono, tukatazama mawingu pamoja, pengine asingehitaji mzee wa kwenye simu. Lakini niliona aibu baba kutojua. Nikamwambia alale. Na juzi wewe ukaniuliza ninalolijua, ndipo nikasema silijui.

Nasikia sauti zenu kwenye ngazi, mama yako analalamikia magurudumu ya sanduku. Nimalizie.

Jana nilipokupima mara mbili ulicheka, ukasema nimezeeka nasahau namba. Sikusahau. Mkono wa abaya ni hamsini na saba. Namba hiyo imeandikwa kwenye daftari la vipimo, ukurasa unaofuata wa Nasri, wake sijauchana. Ukifika Riyadh uivae, usimame mbele ya kioo, unyooshe mkono, kisha uniambie unaishia wapi. Kama unakufunika vidole, nirudishie nikurekebishie.

Baba yako